Pua ya Ghala

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kazini. Mafua yamenilaza wiki nzima na zaidi, na nguvu bado hazijarudi. Njiani nimesimama mara mbili nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nimevaa ndala! Sijui nilikuwa namdanganya nani.

Kengele kanipokea mlangoni. Huyu ni mwenyekiti wetu, jina kalipata kwa sauti yake. Pua karudi! Pua karudi! Kina mama wakapiga makofi. Kiti changu kilikuwa palepale, meza imefutwa, magunia ya mwani yamepangwa foleni yananingoja. Hakuna aliyethubutu kuyapitisha bila mimi kuyanusa. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo.

Mnunuzi anakuja tarehe ishirini. Miaka yote tumeuza mwani wa kiwandani, wa kwenda kusagwa, na kule hakuna anayeuliza una mchanga au una nini, kuukagua ilikuwa heshima yetu wenyewe. Huyu anataka mwani wa kula. Wa kuloweka, kukamulia limau na kuweka kwenye sahani ya mtu. Akiupenda, atachukua wetu mwaka mzima. Akiukataa ndiyo basi, tunarudi kiwandani, na nusu ya kina mama wameshasema huko hawarudi, afadhali wakafue nguo za watu. Ghala litakufa. Tumelijenga kwa mikono yetu hili, hadi rangi ya mlango tumepaka wenyewe.

Nikafungua gunia la kwanza. Nikachota, nikakunja mwani mkononi. Umekauka vizuri, unapinda haukatiki, chumvi imebaki nyeupe kwenye vidole. Rangi moja. Mchanga hamna. Nikapeleka puani.

Hamna kitu.

Nikapenga kamasi, nikavuta tena. Hamna! Si harufu hafifu, hamna kabisa, hata ile chumvi ya kawaida inayowasha. Kina mama wamesimama wananitazama. Nikasema: huu mzuri, pelekeni.

Hivyo ndivyo nilivyoendelea hadi jioni. Macho na vidole vimefanya kazi, pua imekuwa pambo. Nimekataa magunia mawili kwa sababu ya mchanga, na hakuna aliyeshtuka. Ni mabaki ya mafua tu. Kesho itafunguka. Nimechoka hoi.


Jumanne, 5 Machi

Haijafunguka.

Mzee wangu alikuwa barazani anabandika soli. Gundi yake ya viatu huwa inanitoa nyumbani mbio, tumegombana kwa ajili ya gundi hiyo tangu tulipooana. Leo nimekaa ubavuni mwake nikichambua maharage. Akanitazama juu ya miwani. Vipi, leo hulalamiki? Nikasema nimezoea. Akasema: hukuzoea ujana wako wote, uje uzoee leo?

Na jioni maharage hayo yameungua. Ni yeye aliyekimbilia jikoni. Mimi nilikuwa naona moshi nikidhani ni mvuke.

Nikamwambia. Akacheka, akadhani utani. Kisha akaacha kucheka, akaweka nyundo chini. Akasema niwaambie wenzangu kesho asubuhi, kabla sijakaa kwenye kile kiti. Mficha maradhi, kifo humuumbua, akasema. Nikamwambia sawa baba, nitasema.


Jumatano, 6 Machi

Sikusema.


Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi zahanati. Daktari kaniangalia puani kwa kitochi, kanibonyeza mashavu. Virusi vya mafua, kasema. Inaweza kurudi yenyewe. Lini? Hajui. Inaweza isirudi? Akaanza kuandika dawa. Kaniambia niifanyishe pua mazoezi, ninuse vitu vikali kila siku: karafuu, limau, kahawa, sabuni. Uzee huu wote nianze mazoezi, tena ya pua.

Mchana ghalani. Mtaalamu wa mwani alikuwapo. Binti mdogo tu, lakini kazi anaijua, na ana subira ambayo mimi sina. Alipoletwa kwetu mara ya kwanza tulimcheka. Ndiye aliyetutoa kwenye kuanika chini, akatufundisha vichanja vya miti na wavu juu yake, upepo upite chini na juu. Ndiye aliyesema tuoshe mwani kwa maji ya bahari ya kina, siyo yale ya ufukweni tunayoyavuruga kwa miguu. Sasa hatumcheki tena. Mwani wetu unang'aa.

Leo kaja na jambo jipya. Anataka kila gunia linuswe na watu wawili, kila mmoja peke yake, ndipo walinganishe. Akasema kwa adabu kabisa: mama, si kwamba nina shaka na wewe, ila kidole kimoja hakivunji chawa.

Mlango ulikuwa wazi! Kanifungulia mwenyewe, kilichobaki ni mimi kutoka. Niseme tu, mwanangu, umesema kweli, maana hiki kidole chenyewe kimevunjika. Badala yake nikasema nini? Nikasema fahali wawili hawakai zizi moja. Kina mama wakaangua kicheko. Kengele akacheka kuliko wote, akamwambia binti wa watu: huyu alishamwambia mtu gunia lako limelala na vitunguu, na kweli lilikuwa limelala na vitunguu, sasa wa pili wa nini?

Binti akaanza kukusanya vitu vyake. Kesho anasafiri, ana mafunzo mahali, atarudi siku hiyohiyo ya mnunuzi. Aliniaga kwa heshima na mimi nikaona aibu.

Nimejiuliza njia nzima kwa nini. Jibu ninalo, sitaki tu kuliandika. Haya naandika. Mgongo hauwezi tena kuinama majini. Kuvuna siwezi, kubeba siwezi. Bila pua mimi ni mama mzee anayekaa nyumbani kunusa gundi. Na hata gundi siisikii.


Jumamosi, 9 Machi

Mvua! Imekuja saa sita mchana jua likiwa bado linawaka, haikupiga hata hodi. Vichanja vyote vimejaa mwani. Tulikimbia, wazima kwa wagonjwa, tukikusanya kwa mikono, kwa kanga, kwa masinia. Maji ya mvua ndiyo adui. Mwani haujali maji ya bahari hata siku nzima, lakini mvua ikiupiga ukiwa nusu umekauka, unapauka, unateleza, unaanza kuoza kabla hujaupeleka popote.

Tumeokoa mwingi. Mwingine tumeutupa. Mama mmoja alikaa chini kwenye matope akalia, kisha akainuka akaendelea kubeba. Hakuna aliyemwambia pole, hatukuwa na pumzi.

Paa la wifi yangu limevuja. Dada yake mzee huyu, mkubwa wake. Chumba anachohifadhia mwani kimeingia maji, kahamisha magunia yake yote mbio. Mzee alikwenda kumsaidia, kanihadithia aliporudi. Mimi sikwenda. Mgongo. Na pia wifi yangu na mimi, sijui niseme tukoje.

Mwaka jana nilimkatalia mwani mbele ya watu. Alikuwa ameuanika karibu na banda la kuku, na mimi nikasema hivyohivyo, kwa sauti, kuku. Watu wakacheka. Hakusema neno. Miezi mingi hakusema neno! Kwenye msiba tulikaa mkeka mmoja, akanipitishia chai bila kunitazama. Kisha akajenga vichanja vyake upya, mbali na kuku, mbali na moshi, vizuri kuliko vya mtu yeyote hapa. Mwani wake sasa ndio wa kwanza kwa rangi. Naujua huo ujenzi. Alikuwa ananijengea mimi.


Jumatatu, 11 Machi

Karafuu: hamna. Limau: hamna, linawasha tu. Sabuni: hamna. Kahawa: hamna. Mzee ananiuliza kila asubuhi kwa macho. Naosha vikombe.

Wifi kaleta magunia yake leo. Kayabeba kwa mkokoteni, kayashusha mwenyewe, kakataa kusaidiwa. Akaja hadi mezani kwangu na akanisalimia kwa jina la kuheshimiana, wifi, hujambo. Mara ya kwanza tangu kuku. Watu wote wakapunguza sauti wasikilize.

Akasema: wifi yangu, paa limenivujia, nimeyalaza stoo kwa mume wangu. Mume wake ni fundi wa majenereta, stoo yake ina madumu ya dizeli na matambara ya kufutia mashine. Akasema: niliyaweka juu ya mbao, nikayafunika shuka, mimi pua yangu imezoea mafuta siwezi kujua. Nusa vizuri. Tafadhali. Usinionee haya, ukiona si mazuri niambie hapahapa, nitayarudisha.

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba vile. Wote huja wanataka niharakishe.

Nikafungua la kwanza. Rangi! Zambarau imetulia, haina doa. Nikakunja, ukapinda. Nikaweka puani, nikafumba macho kama nifanyavyo siku zote. Nikavuta. Nikavuta tena. Gizani mle puani hamna mtu. Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama, mikono kaifumbata, midomo kaibana.

Nikasema: safi.

Akatoa pumzi. Akasema, yote? Nikafungua la pili, la tatu, yote, nikarudia maigizo yangu. Safi. Safi. Akacheka, akanishika bega. Wifi mkali wewe, akasema, leo nitalala. Kengele akapiga kigelegele. Kina mama nao. Watu wanafikiri tumepatana.

Ningesemaje si safi? Na ningesemaje sijui? Hilo la pili lina jibu rahisi, nalijua. Mwani unavuta harufu. Nimewafundisha mwenyewe watu hapa: usiulaze na vitunguu, usiulaze na samaki, usiutie kwenye gunia la mbolea hata ukilifua mara ngapi. Nimewafundisha mimi! Labda mbao zimesaidia. Labda shuka. Ulilala siku chache tu. Labda.


Jumanne, 12 Machi

Siku ya kuchanganya. Mnunuzi anataka rangi moja, mfuko huu usipishane na ule. Sasa mwani wa kila mama una rangi yake. Kwa hiyo tumetandaza maturubai mapya sakafuni, tukamwaga magunia yote yaliyopita, tukachanganya kwa reki za mbao mpaka wa huyu na wa yule haujulikani. Mtaalamu hapendi. Alishatuambia wa kila mtu ukae peke yake mpaka mwisho, ili kukiwa na tatizo tujue limetoka wapi. Lakini Kengele anasema mtu hula kwa macho kwanza. Na binti hayupo.

Kengele akaniuliza: Pua, tumwage? Nilikuwa na nafasi nyingine hapo. Hii ya ngapi? Nikasema mwageni.

Wamevaa barakoa na kofia, wamejaza mifuko, wameziba kwa mashine. Wawili pale kona walikuwa wananong'ona wakinitazama. Nilipowasogelea wakanyamaza. Wanasema nimempendelea wifi, bila shaka. Waseme. Nimechoka kusimama, nimechoka kukaa.


Ijumaa, 15 Machi

Kahawa! Nimesikia harufu ya kahawa! Nilikuwa nafagia uani, ikanijia puani wazi kabisa, tamu, ya moto. Nikatupa ufagio, nikakimbilia barazani. Mzee, umepika kahawa! Akasema hapana. Jirani je? Akainuka, akaenda hadi ukutani, akachungulia. Hakuna aliyepika kahawa.

Daktari alisema hilo hutokea. Pua inaota.

Mzee kanikalisha, kanipikia kahawa ya kweli. Nimekunywa maji ya moto machungu.


Jumapili, 17 Machi

Sina nguvu ya kuandika lakini nikiacha nitapasuka.

Nilikuja na mfuko mmoja nyumbani kujaribu. Siku ya mnunuzi ni mimi nitakayetayarisha cha kuonja, nataka nyanya na limau visizidi. Nimeloweka, nimekamua, nimekatakata. Rangi imechanua vizuri kwenye bakuli. Nikampa mzee aonje, maana mimi siku hizi naonja chumvi na uchachu tu, hamna zaidi.

Akaweka mdomoni. Akatafuna mara moja. Akatoka nje kutema.

Akarudi akanusa bakuli. Akanusa mfuko. Akasema kwa sauti ndogo: mama, hii ina dizeli.

Nikasema labda mikono yako, umeshika mafuta. Akaninyooshea mikono. Gundi tu, akasema, dizeli naijua, shemeji yangu fundi jenereta. Nikaona mawazo yake yanavyosafiri, polepole, kutoka kwa shemeji hadi kwa dada yake, kutoka kwa dada yake hadi kwangu.

Hukuwaambia, akasema.

Akachukua bakuli, akaenda kumwaga shimoni, akarudi akaliosha yeye mwenyewe, kwa sabuni, mara nyingi. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.


Jumatatu, 18 Machi

Nimefika ghalani kabla ya watu. Nimeita kina mama, nimewaambia tufungue mifuko yote, tuuanike upya kwenye vichanja, upepo uupige. Kengele kashika kiuno. Kwa nini? Nikasema unyevu. Uongo wa ngapi huu? Wameguna, wameguna kweli, kazi ya siku nzima inafunguliwa kwa mkasi. Lakini wamefungua, kwa sababu nimesema mimi.

Mchana nikamvuta pembeni mmoja wa wale wawili walionong'ona. Nikamuuliza siku ile mlikuwa mnasema nini. Akaangalia chini. Akasema: mama, tulisikia harufu kama ya mafuta. Mwenzangu naye akasikia. Tukaulizana, tukasema haiwezekani, Pua kashapitisha. Tukaona ni barakoa mpya.

Nikamuuliza na wengine je? Akasema wengi walisikia. Hadi Kengele alisikia. Kila mmoja akaona pua yake ndiyo mbovu.

Ghala zima! Kila mtu ana pua nzima, na wote wamezikataa pua zao kwa sababu ya yangu. Nilikaa juu ya gunia tupu. Yule mama akaniletea maji, akidhani ni mafua yamerudi. Akaniambia pole sana mama, ungepumzika.

Dizeli haitoki kwa upepo. Najua. Inapungua juu, ndani imebaki. Lakini nimewaacha waendelee kugeuza mwani juani hadi jioni.


Jumanne, 19 Machi

Leo jipu limepasuka, ila limepasukia kwa mtu mwingine.

Asubuhi Kengele kachota mwani kichanjani, kanusa, kaita watu wote. Sasa hakunong'ona mtu. Dizeli! Dizeli! Kila mmoja akapata pua yake. Nani alilaza mwani wake na mafuta? Wakatazamana. Wifi akajitokeza mwenyewe, hakuulizwa mara mbili. Akasema ni mimi, paa lilivuja, nililaza stoo kwa mume wangu.

Loo! Maneno aliyomwagiwa! Samaki mmoja akioza ndio wote, Kengele kasema. Mwingine akasema atolewe kwenye kikundi leo hii. Mwingine akataja kuku. Kuku! Neno langu mwenyewe la mwaka jana, limetoka mdomoni kwa mtu mwingine, likampata palepale.

Wifi hakupandisha sauti. Akasema: nilimwambia wifi anuse. Nilimwambia kuna dizeli. Akanusa, akasema safi.

Kengele akanigeukia. Nyuso zote zikanigeukia. Na unajua walikuwa wanangoja nini? Hawakuwa wanangoja nikiri. Walikuwa wanangoja nimkanushe. Nyuso zimejaa imani, hiyo ndiyo imenimaliza. Mmoja akanisaidia kabisa, akasema labda aliyaleta mengine kwa mlango wa nyuma baada ya kukaguliwa. Watu wakaitikia, ehe, ehe.

Nikasema: tungoje, kesho mtaalamu atakuwapo, tutaona.

Basi. Hayo ndiyo maneno yangu. Nimemwacha mama wa watu amesimama katikati ya watu na aibu yangu mikononi mwake. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu: labda kweli alikosea gunia, labda kweli pua ya wifi haikosei.

Tumechagua mwani usionuka sana, kwa pua zao, tukajaza mifuko michache. Ndiyo atakayoonyeshwa mnunuzi. Atoe neno lake.

Mzee karudi kutoka kwa dada yake. Kavua viatu polepole. Dada analia, akasema, anasema amewaua wenzake. Hanilaumu mimi, anajilaumu yeye. Kisha akasema: mke wangu, nimekaa pale nikamsikiliza na sikusema, kwa sababu neno hilo si langu. Usinifanye nikae pale tena.

Hajala. Na mimi sijala.


Jumatano, 20 Machi

Nimejifungia kwenye chumba kidogo cha nyuma ya ghala, cha kubadilishia nguo. Nimewaambia natayarisha cha kuonja. Nimetayarisha kweli, nyanya, limau, mwani, bakuli tatu. Sijui zinanuka nini.

Gari la mnunuzi limefika. Nasikia mlango wake, nasikia Kengele anakaribisha kwa ile sauti yake ya wageni. Mtaalamu naye karudi, kapita hapa dirishani, kanisalimia, kaniuliza mama hali. Nikasema njema. Mdomo wangu una njema nyingi sana mwezi huu.

Nasikia mnunuzi anauliza nani hukagua harufu. Nasikia Kengele anasema tunaye mmoja tu, na huyo mmoja anatosha, atakuja yeye mwenyewe aonje mbele yako. Watu wanacheka. Limau limenimwagikia hadi kwenye ukurasa.

Nimejaribu kuyapanga maneno. Mabibi na mabwana. Hapana. Wenzangu. Hapana, naanza na nini? Nikisema sina pua, mnunuzi atageuza gari, ghala lote limepitishwa na mtu asiyenusa. Nikinyamaza, wifi anatolewa. Nikisema limekosewa gunia moja tu na mtu mmoja tu, mwani mwingine ujao ukaguliwe na pua mbili kama binti alivyosema... hapo labda kuna njia. Labda. Nimelitumia sana neno hili.

Mlango umegongwa. Wifi.

Kaingia. Nimemwambia aningoje kidogo namalizia kuandika kitu, naye kasubiri kasimama, kajitanda kanga hadi kidevuni, macho yamevimba. Sikutegemea hata angekuja leo. Kasema hivi, naandika kama alivyosema:

Wifi, zinuse hizi bakuli kwanza kabla sijazitoa. Ukiniambia ni safi, nazipeleka. Ukiniambia zina mafuta, basi mimi nitasimama mbele ya yule bwana niseme ni mimi, niondoke, ghala libaki. Wewe nusa tu uniambie. Nakuamini.

Amenisogezea bakuli. Kalishika kwa mikono miwili, chini ya kidevu changu kabisa, ananingojea nifumbe macho kama nifanyavyo.

Kengele anaita.

Sijafumba macho. Nimemwambia wifi aweke bakuli mezani, afunge mlango, aje akae hapa karibu yangu. Kashangaa, lakini anaufunga. Naweka kalamu chini, nimwambie yeye kwanza kwamba sina pua.